Nani Alimleta Chamwela Mkekani?

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana ninachowapa si hadithi ya kubembelezea mtoto. Ni kesi, na haijaisha. Nikifika mwisho nitanyamaza mimi, mtasema nyinyi. Mmekubali? Basi nipeni masikio.

Hapa Lumango aliishi fundi mitambo, Mzee Mloka. Miaka thelathini alifunga spika kwenye kila harusi, kila maulidi na kila mkutano wa hadhara. Mkewe alitangulia mapema akamwachia watoto watatu, na kila mmoja alichukua kitu kimoja kwa baba.

Mwanvua, binti mkubwa, alichukua masikio. Huyu alikuwa anasikia maiki inataka kulia kabla haijalia. Utamwona amekaa harusini, anakula pilau, ghafla anasimamisha mkono hewani na kusema, "Sasa." Hujameza tonge, maiki imepiga mluzi. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia ameisikia ikivuta pumzi.

Pazi, mtoto wa kati, alichukua mikono. Redio iliyotupwa jalalani aliirudisha nyumbani ikiwa inazungumza. Baba yake alikuwa akimpa spika iliyochanika, naye anaishona kwa gundi na karatasi ya mfuko wa saruji, anaipuliza, na kesho yake iko kazini. Ila usimwambie aeleze alivyofanya, maana maneno kwake ni shida.

Siwema, kitinda mimba, masikio yake ni kama yangu na mikono yake haijui kufunga hata waya wa pasi. Yeye alichukua namna baba yake alivyokuwa na watu. Mzee Mloka aliweza kumtuliza bwana harusi anayetetemeka mpaka akashika maiki akacheka. Siwema naye anamtazama mtu mara moja, anajua kipi kinamfurahisha na kipi kinamuudhi, na mikono yake itafanya nini akiudhika.

Sasa nimtaje wa nne. Nikimtaja mdomo unanichachuka, lakini bila yeye hakuna kesi. Ni Chamwela, mshereheshaji. Mnamjua, nani hamjui? Koti la kung'aa, kofia ya pembeni, sauti nzito ya kumwamsha aliyezirai. Bila Chamwela shughuli ya Lumango ilikuwa haijawa shughuli.

Siku ya kuzindua kisima, mgeni rasmi alitoka mkoani. Sherehe ikafanyika ukumbi wa ushirika, lile jengo la zamani la kuhifadhia pamba: refu, saruji chini, bati juu, bila pazia hata moja la kunyonya sauti. Chamwela akashika maiki. Ikalia. Akatulia, akaanza tena, ikalia zaidi. Mara ya tatu mgeni rasmi akaziba masikio kwa vidole. Chamwela akageuka, akamnyooshea Mzee Mloka kidole, akasema, "Ndugu mgeni rasmi, utuwie radhi. Fundi wetu amezeeka, masikio yake yamekufa na mwenyewe hana habari. Jamani, mpigieni makofi tumsindikize nyumbani akapumzike!"

Nasi tukapiga makofi. Nasema tukapiga, sisemi wakapiga. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na nilicheka hadi machozi. Mzee wa watu akakunja waya wake mmoja mmoja kama kawaida yake, huku tunamshangilia, akatoka na mlango wa nyuma.

Hakuitwa tena kwenye shughuli yoyote. Akipita sokoni watu wazima na akili zao wanamwigizia, "Kuiiii!" Akaanza kutembea na pamba masikioni, kisha akaacha kutembea. Miaka miwili alikaa ukutani pale barazani, mimi jirani yake mlango kwa mlango namwona kila nikifagia, na kila nikimsalimia naona haya. Siku ya mwisho aliwaita watoto wake akawaambia maneno mawili tu: "Sikukosea mimi." Akafa.

Kwenye matanga, Mwanvua aliwaambia wadogo zake, "Chamwela atakuja kukaa kwenye mkeka wa mlango huu. Atasema mwenyewe, kwa mdomo wake." Hakulia. Nilikuwa napita na sinia la vyombo, nikasisimka mwili mzima, na siwafichi, nilifurahi.

Kabla sijaendelea, niwaambie maiki hulia vipi, maana hapo ndipo penye kesi. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki. Maiki inairudisha kwenye spika ikiwa imenenepa. Spika inaitema, maiki inaimeza tena, na kufumba na kufumbua imekuwa kilio. Ukisimama mbali na spika na ukaishika maiki vizuri, hutapata shida. Lakini maiki ina matundu ya pembeni ya kupumulia. Ukiifunika kichwa kwa kiganja, inapokea sauti kutoka kila upande, na ya spika ikiwemo. Washereheshaji wengi hawalijui hilo. Maiki ikianza kulia wanaibana kwa kiganja wakidhani wanaizima, kumbe ndiyo wanaikaba ilie zaidi. Halafu wanageuka kumfokea fundi, na kwa kugeuka wameielekeza kwenye spika.

Mwanvua ndiye aliyelikumbuka hilo. Alikuwa ukumbini siku ile, na masikio yake yalikuwa yameweka kila kitu. "Ililia mara tatu," alisema, "na mara zote tatu ilianza kunguruma kwanza, kama maiki iliyozibwa. Ni kiganja chake."

Pazi akasema, "Tumwambie nani? Nani atatuamini?"

Siwema akasema, "Hatumwambii mtu. Waone."

Hapo Pazi akasema neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. "Tukiifanya maiki ilie tu, watu wataziba masikio na kumlaumu fundi, kama siku ile. Lazima kilio kile kiwe kitamu. Wakikaa kukisikiliza, ndipo watakapoona kinafuata mkono wa nani."

Wakaenda kazini, mwaka mzima.

Mwanvua alichukua chaki. Kila siku baada ya kazi yake ya cherehani aliomba ufunguo wa ukumbi, akaingia na maiki moja na spika moja, akawa anatembea hatua kwa hatua. Hapa ukumbi unakoroma, anachora duara. Hapa unapiga mluzi, anachora mstari. Hapa umekaa kimya kabisa hata ukiisogelea spika, anaweka nukta. Alitembea sakafu yote, kona kwa kona, na mvua ikinyesha alirudia upya kwa sababu bati lenye maji lina sauti nyingine. Mwishoni alipata mahali pamoja, karibu na jukwaa, ambapo mtu akishika maiki vizuri hapalii chochote, na akiifunika tu, ukumbi mzima unaitika. Hapo akachora msalaba. Masikio yake yaliuma hadi yakatoa maji, na daktari akamwambia aache. Hakuacha. Sikio la kushoto halijapona mpaka leo.

Pazi alichukua mitungi. Alizunguka kwa wafinyanzi akigonga mitungi na kusikiliza, wakamdhania kachanganyikiwa. Ndani ya kila mtungi akaning'iniza maiki ndogo, na mbele ya mdomo wake akaweka moja ya spika za baba yake. Mtungi mkubwa ukilia unaguna kama ng'ombe, wa kati unaimba, mdogo unalia kama filimbi. Alikesha na nyaya hadi kilio kikawa na adabu: kinapanda polepole, kinafika mahali, kinasimama bila kupasua sikio la mtu, na kikiachiwa kinashuka. Mara mbili mtambo uliungua, mara ya pili ukamuunguza kiganja cha kulia. Mkono wa fundi, jamani. Vidole viwili havikunjiki tena, na bado alimaliza kazi kwa mkono wa kushoto.

Siwema alimchukua Chamwela mwenyewe. Mwaka mzima alihudhuria shughuli zake, akikaa mbele, akimtazama mikono. Akajua kwamba Chamwela akikatizwa mara moja hutabasamu, mara ya pili hukunja uso, mara ya tatu hubana maiki na kugeuka nyuma. Kisha akamwendea. Akampigia magoti na kumwamkia, "Shikamoo baba." Mnasikia? Alimwita baba, mtu aliyemzika baba yake angali hai. Akamvika kilemba cha ukoka, naye akainama akipokee vizuri: "Sisi tumeshasahau, mzee wetu alikuwa ameishiwa. Tumetengeneza onyesho la sauti, lakini bila wewe nani atakuja?" Akawa anampelekea chai na maandazi kila Ijumaa. Mtaa mzima ukamtukana. Mimi pia nilimtemea mate mlangoni pake nikamwita mtoto asiye na haya. Alijifuta mguu kwa khanga, akaingia ndani.

Ikafika Jumamosi. Matangazo yaliandikwa "Ukumbi Utaimba", na kwa kuwa Chamwela ndiye msemaji, ukumbi ulijaa saa tisa mchana watu wakiwa wamesimama madirishani.

Siwema alipanda kwanza na maiki mkononi. Akausogelea mtungi mkubwa, mtungi ukaguna. Akarudi nyuma, ukanyamaza. Akasogea kati ya miwili, sauti mbili zikashikana, zikawa zinatetemeka juu ya bati hadi tukazisikia kifuani. Aliinua mkono, zikapanda. Aliushusha, zikalala. Kile kile kilio tulichokuwa tunakichukia harusini, sasa kilikuwa kinamfuata Siwema kama mbuzi anayefuata chumvi. Nikajikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Halafu akampa maiki Chamwela afunge shughuli, akamwonyesha kwa heshima pa kusimama. Ni pale kwenye msalaba wa chaki.

"Mabibi na mabwana," akaanza Chamwela, vidole vyake vikigusa kichwa cha maiki kama kawaida yake, na ukumbi ukaitika kidogo, mmm. Akatabasamu. "Mabibi na mabwana, wageni..." Mmmm. Akakunja uso. Akajaribu mara ya tatu, na kiganja chake, chenyewe, kikapanda kikaikaba maiki.

Mtungi mkubwa ukaguna. Akaibana zaidi. Wa kati ukaingia. Akageuka kwenye spika, "Fundi! Punguza, fundi!" na yote ikaimba kwa pamoja, tamu na ya kutisha. Akastuka akaachia kiganja. Kimya. Akabana, ikaimba. Akaachia, kimya. Mara nne alifanya hivyo mbele ya mji mzima, uso unamtoka jasho, bado anamfokea fundi.

Ndipo nikasimama mimi nikapiga ukelele, "Ni mkono wake! Siku ile ilikuwa mkono wake!" Msinihesabu kwenye kesi kwa hilo. Sauti yangu ilichelewa miaka mitatu.

Siwema akamnyang'anya maiki, akasimama pale pale. Akaishika chini, akasema, "Baba yangu alikuwa Mloka." Ukumbi haukulia. Akaifunika kwa kiganja, ukaimba. Akafunua, ukanyamaza. "Siku ya mgeni rasmi," akauliza, "nani alishika maiki?"

Hakuna aliyecheka. Watu waligeuza migongo, safu kwa safu, wakatoka na mlango wa mbele, wakamwacha Chamwela amesimama peke yake na koti lake. Siwafichi, niliona raha.

Siku ya tatu Chamwela alikuja kwa miguu, bila koti, bila kofia. Akakaa mkekani, mlangoni kwa Mloka. Akasema kwa sauti, majirani wote tunasikia: "Nilijua. Asubuhi ile mzee aliniita pembeni, akaniambia taratibu, 'Mwanangu, ishike maiki chini, usiifunike.' Nikaona ananifundisha kazi. Ilipolia mara ya kwanza nikajua ni mkono wangu. Mgeni rasmi alikuwa ananitazama. Nikamtupia yeye, na mkono umebaki na mazoea yake hadi Jumamosi." Akainamisha kichwa. "Naomba maji."

Mnaijua desturi ya mtaa huu, na asiyeijua nimwambie. Aliyemkosea marehemu hukaa mkekani, husema kosa lake, huomba maji. Kikombe ni kimoja na mkono ni mmoja. Akipewa akanywa, amesamehewa na waliopo na aliyeondoka, na hatakumbushwa tena. Maji yakimwagwa miguuni pake, hakuna atakayeitikia salamu yake hapa hadi anakufa. Na kikombe kikiwekwa kizingitini, hakikutolewa wala hakikumwagwa, atarudi kesho kukaa tena, na keshokutwa, mpaka mwenye kikombe aamue.

Na kikombe anashika nani? Hashiki mkubwa wala mpendwa wa marehemu. Anashika yule aliyemleta mkosaji mkekani. Shangazi yao, Bi Mwatabu, akachota maji, akatoka nayo, akauliza, "Haya, ni nani kati yenu aliyemleta?"

Mikono mitatu ikanyooka.

"Ni mimi," alisema Mwanvua. "Nani alijua kwamba ni kiganja? Bila masikio yangu mngekuwa mnamlaani tu jikoni. Nani aliupata ule msalaba? Angesimama hatua mbili kando, ukumbi ungenyamaza naye angeondoka akishangiliwa. Nipe kikombe, shangazi. Nayamwaga. Mwaka wa mwisho baba aliziba masikio yake kwa pamba asitusikie hata sisi. Huyu asisikie salamu ya mtu maisha yake yote."

"Ni mimi," alisema Pazi, na akaonyesha vidole vyake viwili. "Kilio kisingekuwa kitamu, mngeziba masikio, mngemlaumu fundi. Watu walikaa wakasikia kwa sababu yangu. Nipe. Atakunywa." Dada zake wakamgeukia kwa hasira. "Ndiyo, atakunywa! Mwaka mzima nimelala na kisasi kitanda kimoja. Nimechoka nacho. Anywe, aende, nipate kufunga spika kwa ajili ya kitu kingine."

"Ni mimi," alisema Siwema. "Chaki na mitungi vingekaa ukumbini hadi vioze, yeye yuko kwake anakula. Nani alimtoa? Nyinyi mliumia sikio na mkono. Mimi nilimwita baba. Nilitemewa mate." Hapo alinitazama. "Sitampa na sitamwaga. Nitakiweka kizingitini. Baba alikaa ukutani hapa miaka miwili akingoja mtu mmoja tu aje aseme hakukosea. Na huyu akae miaka miwili, akitazama maji."

Wakabishana hadi sauti zikakauka. Mtu mmoja barabarani akaropoka kwamba aliyemleta Chamwela ni mkono wa Chamwela mwenyewe. Bi Mwatabu akamwambia mikono ya mkosaji haina kura. Kisha shangazi wa watu akashindwa. Akisema Mwanvua, amemtenga mtu na watu maisha yake yote. Akisema Pazi, mabinti wanasema amemuuza kaka yake aliyekufa. Akisema Siwema, miaka miwili yeye mwenyewe atakuwa anamruka mtu mlangoni kila akitoka. Akanishika bega akaniambia, "Wewe ulipiga makofi siku ile. Toka nje uwaulize waliopiga makofi wenzako. Watakayemtaja, mpe."

Ndiyo maana nimewaita. Maji ndiyo haya niliyoshika tangu mnakuja. Na yule pale mlangoni, aliyeinamisha kichwa, ambaye baadhi yenu mmemdhania mgonjwa, ndiye Chamwela. Jua linampiga tangu saa tatu, na amesikia kila neno.

Mimi ninaye ninayetaka apewe, na mkinitazama usoni mnamjua, kwa hiyo msinitazame. Mtazameni yeye. Haya, wewe uliyesimama karibu naye, anza: kikombe hiki ungempa Mwanvua, ungempa Pazi, au ungempa Siwema?